Sulhu na Hukumu: Mapatano ya Wagomvi Mbele ya Hakimu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Hapana mji usiokuwa na ugomvi, na hapana ugomvi usiotafuta mwisho wake. Mwisho huo huja kwa njia moja katika njia tatu. Ama mmoja amshinde mwenziwe kwa nguvu. Ama hakimu aamue nani mwenye haki. Ama wagomvi wenyewe wakae kitako wapatane. Njia ya kwanza ni dhuluma. Ya pili ni haki, lakini aghalabu humwacha mmoja akicheka na mwenziwe akinuna. Ya tatu ndiyo iitwayo sulhu, nayo imesifiwa na dini, na mila za wazee, na sheria za serikali pia.

Walakini si kila kiitwacho sulhu ni sulhu. Yako mapatano yanayozima moto, na yako mapatano yanayoufunika moto kwa majivu, hata siku ya upepo ukawaka kwa ukali kuliko kwanza. Maneno haya yahusu jambo moja tu: watu waliokwisha kupelekana mahakamani, kisha wakapatana kabla ya hukumu. Mapatano yao yana nguvu gani mbele ya hakimu? Na hakimu ana wajibu gani mbele ya mapatano yao? Jambo hili huonekana kuwa la mawakili, lakini kwa hakika ni la kila mwenye shamba, kila mwenye duka, kila mjane na kila yatima.

Mashauri ya Arua na Koboko yana asili yake. Nchi hii ya magharibi ya Mto Nile ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hata alipofariki mwaka 1909. Kisha ikaingia mikononi mwa serikali ya Sudan. Na mwaka 1914 ndipo ilipotiwa katika Uganda, na Bwana A. E. Weatherhead akafungua boma la Arua. Katika miaka kama mitano watu wale wale, katika mashamba yale yale, walihesabiwa kuwa raia wa serikali tatu mbalimbali. Mipaka ya dola ilichorwa katikati ya koo: Walugbara wakawa na ndugu zao upande wa Kongo, na Wakakwa wakawa na ndugu zao upande wa Kongo na wa Sudan. Tena, ilipoanguka serikali ya Idi Amin mwaka 1979, vita vilivyofuata viliwahamisha watu wengi sana. Wengine walikaa ugenini miaka mingi kabla ya kurudi. Mtu aliyerudi aliweza kukuta shamba la babaye linalimwa na mwingine, mti wa mpaka umekatwa, na wazee waliojua mpaka wamekwisha kufariki.

Baadaye thamani ya ardhi ilipanda. Koboko ikafanywa wilaya mwaka 2005, na Arua ikafanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kipande cha ardhi kilichokuwa cha mihogo na mtama kikatakiwa kwa duka, kwa ghala, kwa nyumba ya kupangisha. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile humilikiwa kwa desturi, pasipo hati ya kuandikishwa, ushahidi wake umo katika vichwa vya wazee, katika makaburi na katika miti. Kwa sababu hizo ugomvi wa ardhi na wa mirathi haukosi kufika mahakamani, na kwa sababu hizo hizo sulhu ina faida kubwa kuliko kesi. Maana waliogombana wataendelea kuwa majirani, na watoto wao watasoma madrasa moja.

Dini ya Kiislamu imeihimiza sulhu tangu mwanzo. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 128, mume na mke waliokhitilafiana wameelekezwa kwenye upatanifu, na upatanifu huo umetajwa kuwa ni kheri. Katika Sura ya Al-Hujurat waumini wametakiwa kuwapatanisha ndugu zao wagombanao, na kuwapatanisha kwa uadilifu. Neno hilo la uadilifu halikuwekwa bure. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba sulhu yajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Basi mpaka umewekwa: watu wana ruhusa kusameheana haki zao wenyewe, lakini hawana ruhusa kugawana haki ya mtu mwingine na kuiita amani.

Wanazuoni wa fikihi wameigawa sulhu mafungu matatu. Iko sulhu ya kukiri, ambapo mdaiwa asema, naam, kitu ni chako, lakini nipunguzie au nibadilishie. Iko sulhu ya kukana, ambapo mdaiwa akataa dai, lakini atoa kitu ili aepukane na kiapo na usumbufu. Na iko sulhu ya kunyamaza, ambapo hakiri wala hakani. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Ahmad wameikubali sulhu ya kukana. Imamu Shafii hakuikubali, kwa hoja kuwa aliyekanusha haki hawezi kuinunua haki hiyo hiyo. Khitilafu hii yaonyesha kwamba wanazuoni hawakuridhika na neno kupatana peke yake. Waliuliza: mmepatana juu ya nini, na kila mmoja ametoa nini kilicho chake?

Mfano mkubwa wa mapatano yaliyoshikwa kwa uaminifu ni ule wa Hudaybiyya, mwaka wa 6 wa Hijra. Maneno yake yaliandikwa, yakabishaniwa neno kwa neno, hata namna ya kulitaja jina la Mtume ikabadilishwa kwa ombi la Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi. Kisha akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl mwenyewe, Mwislamu aliyefungwa minyororo, akitaka kukimbilia upande wa Waislamu. Masharti yalisema arudishwe, naye akarudishwa, ingawa mioyo ya masahaba iliungua. Hapo yako mafunzo mawili: kwamba mapatano huandikwa kwa uwazi kabla ya kutiwa sahihi, na kwamba yakishatimia hayavunjwi kwa sababu yamekuwa machungu.

Sheria ya Uganda imefuata njia isiyo mbali na hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai iliyoanza kutumika mwaka 1929 ilichukua mengi katika sheria ya Uhindi ya mwaka 1908, na ndiyo maana kanuni za Uganda, Kenya na Tanzania hufanana kama watoto wa tumbo moja. Katika kanuni za Uganda, Amri ya 25, kanuni ya 6, yaelezwa kuwa mahakama ikithibitishiwa kwamba shauri limemalizwa, lote au sehemu yake, kwa mapatano yaliyo halali, yaweza kuamuru mapatano hayo yaandikwe katika kumbukumbu zake na kutoa hukumu kulingana nayo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 126, ikatilia nguvu kwa kuagiza mahakama ziukuze upatanishi baina ya wagomvi. Na mwaka 2013 zikatolewa Kanuni za Upatanishi, zilizoagiza kwamba mashauri ya madai yapelekwe kwanza kwa mpatanishi kabla ya kusikilizwa.

Majirani nao wameshika njia hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 159, imezitaka mahakama ziukuze usuluhishi, na njia za jadi zikiwamo. Na Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, imeweka ukuzaji wa usuluhishi katika misingi ya kutoa haki. Basi asidhani mtu kwamba hakimu huchukia watu wakipatana. Hakimu hufurahi. Lakini furaha yake haimwondolei kazi ya kuuliza.

Maneno mawili katika kanuni ile yafaa kushikwa sana: kuthibitishiwa, na halali. Hakimu si mpiga muhuri. Kwanza hutazama kama kweli yako mapatano: je, wote wamekubali, au mmoja ameandika na mwenziwe amevutwa mkono? Pili hutazama kama yaliyokubaliwa ni halali. Maana mwaka 1982, katika shauri mashuhuri la Makula International, Mahakama ya Rufani ya Uganda ilisema wazi kwamba mahakama haiwezi kulibariki jambo lililo kinyume cha sheria, hata kama wagomvi wenyewe hawakulilalamikia. Tatu hutazama kama waliotia sahihi wana mamlaka juu ya kile walichokipatania. Nne hutazama kama maneno yameelezwa kwa uwazi, hata atakayeisoma hukumu baada ya miaka kumi ajue nani ampe nani, kitu gani, wapi na lini.

Hapo ndipo mtu huuliza: ikiwa wazee wa ukoo wamekwisha kupatanisha, na karatasi imeandikwa, na watu wamekula pamoja, mahakama ya nini tena? Jawabu ni kwamba karatasi ya wazee na hukumu ya mahakama si kitu kimoja. Karatasi ya wazee ni ahadi, na ahadi ni deni. Lakini mdaiwa akikataa kulipa, mwenye karatasi hana budi kwenda kufungua dai jipya, aanze tena mashahidi, tarehe na nauli. Mapatano yaliyoandikwa na mahakama na kutolewa hukumu ni kitu kingine: yakikataliwa, mwenye haki haanzi upya, bali huomba hukumu ikaziwe, na dalali wa mahakama hutumwa kwa amri ya serikali. Tena hukumu ya mapatano haikatiwi rufani, maana mtu hawezi kulalamikia jambo alilolitaka mwenyewe. Na hufunga mlango: dai lile lile, baina ya watu wale wale, halifunguliwi mara ya pili.

Faida hiyo ina mpaka wa wakati. Sheria ya Uganda imeweka muda wa miaka 12 wa kuidai hukumu. Aliyepewa hukumu akaikunja, akaitia sandukuni, akaona haya kumdai nduguye, kisha akafariki, huwaachia watoto wake karatasi isiyokuwa na nguvu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilofunguliwa ni kama halikuandikwa.

Haya hayana maana kwamba baraza za wazee hazina kazi. Zina kazi kubwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 haikuwazuia wakuu wa jadi kuamua magomvi ya ardhi ya desturi wala kuwa wapatanishi. Na Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006 imezipa mahakama hizo ndogo uwezo wa kupatanisha, kuamuru fidia, kurudisha mali, na hata kuamuru mtu aombe radhi. Kuomba radhi mbele ya majirani huponya majeraha yasiyoponywa na fedha. Hali kadhalika kadhi na maimamu. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 129, imezitaja mahakama za makadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, zipangwe na Bunge. Lakini miaka mingi ilipita na mpango huo ukabaki katika maandishi. Kwa hiyo kadhi aliyekaa na warithi akawapatanisha amefanya jambo la kheri na la thawabu. Lakini shauri likiwa limekwisha kufunguliwa mahakamani, mapatano hayo yapelekwe huko huko yakaandikwe. Kuyaacha nje ni kuwaacha hakimu na wazee kila mmoja na maneno yake.

Sasa yafuata mambo yanayoweza kuivunja hukumu ya mapatano. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilieleza kanuni ambayo mahakama za Uganda, Kenya na Tanzania zimeifuata tangu hapo, na mwaka 1975 ikakaririwa tena katika shauri la Tanzania. Kanuni yenyewe, kwa ufupi, ni hii: hukumu iliyotolewa kwa ridhaa huwafunga wote waliokuwamo, wala haibadilishwi, ila ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au kwa njama, au ni kinyume cha sera ya mahakama, au ridhaa ilitolewa pasipo kujua mambo muhimu, au kwa kuyafahamu visivyo, au kwa sababu yoyote ambayo kwayo mapatano ya kawaida yangeweza kuvunjwa. Kujuta si sababu. Kuambiwa na jamaa nyumbani kwamba umepewa kidogo si sababu. Bei ya ardhi kupanda baada ya sahihi si sababu. Basi wakati wa kufikiri ni kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Na hapa pana hatari kwa watu wa nchi hii. Lugha ya mahakama za Uganda ni Kiingereza, na hati za mapatano huandikwa kwa Kiingereza. Ilhali mwenye shamba husema Kilugbara, au Kikakwa, au Kinubi, au Kiswahili cha sokoni. Sheria ya zamani, ya mwaka 1918, iliyowekwa kuwalinda wasiojua kusoma, imemtaka yeyote amwandikiaye mtu wa namna hiyo hati amsomee na kumfahamisha maneno yake, kisha aandike jina lake mwenyewe na anwani yake katika hati hiyo. Sharti hilo si mapambo. Mzee aliyetia dole gumba juu ya karatasi aliyoambiwa kuwa ni ya kuahirisha kesi, kumbe ni ya kuachia nusu ya shamba, hana sulhu, ana mtego. Anayetakiwa kutia dole ana haki kusema: nisomeeni kwa lugha yangu, polepole, mbele ya mtu ninayemwamini. Hakimu mwema naye huuliza swali hilo kabla ya kuandika lolote, kwa kuwa swali moja siku hiyo huokoa kesi ya miaka mitano.

Lakini jambo zito kuliko yote ni haki ya asiyekuwapo. Watu wawili waliopo wanaweza kupatana kwa wepesi sana ikiwa watakachokitoa ni mali ya wa tatu. Ndiyo maana Amri ya 32 ya kanuni zile imekataza mlezi amwakilishaye mtoto mdogo katika shauri kufanya mapatano yoyote kwa niaba ya mtoto pasipo idhini ya mahakama. Mlezi anaweza kuwa mwema. Anaweza kuwa amechoka. Anaweza kuwa ameahidiwa kitu pembeni. Sheria haikumtuhumu, ila imeweka jicho la pili. Na haiko Uganda tu. Uingereza nako Mahakama ya Malodi iliamua kwamba mapatano yahusuyo mtoto mdogo hayamfungi mtu mpaka yakubaliwe na mahakama. Marekani, pale mmoja anapodai kwa niaba ya maelfu ya wenziwe, jaji hana budi kwanza kupima kama mapatano ni ya haki na ya kuwatosha wale ambao hawakusimama mbele yake.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mtu amefariki akaacha ekari 32 kando ya njia ya Arua na Koboko, akaacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, wote watatu wadogo. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, baada ya mazishi na madeni, mke hupata thumni, nayo ni ekari 4; zilizobaki ni 28; mwana apate 14, na kila binti 7. Ami wa watoto, kwa kuwapo mwana wa kiume, harithi kitu. Akija ami akafungua kesi kwamba shamba ni la ukoo, kisha wakapatana na mjane kwamba ami achukue ekari 8 ili kesi iishe, yafaa kuuliza: hizo 8 zimetoka katika fungu la nani? Mjane ana 4 tu. Anaweza kuzitoa zote kwa hiari yake, na hata hivyo zimepungua 4. Hizo 4 ni za mayatima, na mayatima hawakusema kitu. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo kali mno kwa alaye mali ya yatima kwa dhuluma.

Sheria ya serikali ina hesabu yake nyingine. Kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, aliyefariki pasipo wosia, mali yake hugawiwa hivi: mume au mke asilimia 20, watoto na vizazi vyao asilimia 75, jamaa waliomtegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Hesabu hizi mbili hazilingani, na warithi watu wazima wana mengi ya kuzungumza baina yao. Lakini kwa zote mbili, fungu kubwa ni la mjane na watoto, wala hapana hesabu hata moja inayompa ami robo ya shamba kwa sababu ya kupiga kelele. Hakimu aliyeletewa mapatano ya namna ile, asipouliza umri wa watoto, ameandika dhuluma kwa wino wa serikali.

Tena mrithi mtu mzima, mwenye akili yake, akitaka kujitoa katika mirathi kwa kupokea fedha au kitu kingine, fikihi imemruhusu, na sheria haimkatazi. Ila ajue kwanza fungu lake ni kiasi gani. Aliyesamehe asichokijua hakusamehe, bali ameibiwa kwa adabu. Na wanawake wakumbukwe hapa kwa namna ya pekee. Sheria ya Ardhi imebatilisha uamuzi wowote wa kimila unaomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ya desturi. Na mume haruhusiwi kuuza ardhi inayokaliwa na kuilisha nyumba pasipo ridhaa ya mkewe. Basi sulhu ya wanaume watupu, chini ya mwembe, juu ya ardhi inayolimwa na mke wa mmoja wao, ina ufa tangu siku ya kwanza.

Iko pia hila nyingine mbaya zaidi. Watu wawili wasiokuwa na ugomvi wowote huigiza ugomvi juu ya ardhi ya mtu wa tatu aliye mbali, labda aliye ng'ambo ya Oraba au upande wa Kongo. Mmoja amshitaki mwenziwe, mwenziwe akubali mara moja, wapeleke karatasi ya mapatano, wapate hukumu. Kisha waitumie hukumu hiyo kumfukuza mwenyewe anaporudi. Hiyo ndiyo njama iliyotajwa mwaka 1952. Dawa yake ni hakimu kwenda mwenyewe kuiona ardhi na kuwauliza majirani, kama maagizo ya utendaji ya mwaka 2007 yalivyowakumbusha mahakimu katika mashauri ya ardhi. Na aliyedhulumiwa kwa hukumu ambayo hakuwamo anaweza kuiomba mahakama iiangalie upya. Lakini afanye upesi, maana mahakama haiwasaidii waliolala.

Jambo la kukawia lina ushahidi mkubwa katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipatana na wazee wa Kenya 5,228 walioteswa katika siku za Mau Mau, ikakubali kutoa paundi milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, na kusema mbele ya Bunge lake kwamba inasikitika. Baada ya hapo watu wengine zaidi ya 40,000 walidai katika shauri lao mbali, na mwaka 2018 shauri hilo likaanguka London, sababu kubwa ikiwa ni muda mrefu uliopita. Mapatano ya mwanzo hayakuwahusu. Sulhu huwafaa walioingia ndani yake kwa wakati. Anayesimama nje akingojea kuona itakavyokuwa, aghalabu hubaki nje.

Jumuiya nazo zina fungu lao katika maneno haya. Kiwanja cha msikiti, shamba la wakfu, jengo la madrasa, si mali ya imamu wala ya mwenyekiti. Likitokea shauri juu ya mali hiyo, na jirani akaomba mapatano, mdhamini mmoja hana ruhusa kukutana naye hotelini na kutia sahihi. Kwanza wadhamini wakutane, jambo lielezwe, uamuzi uandikwe katika kitabu cha mikutano, na waliochaguliwa kutia sahihi watajwe kwa majina. Nakala ya uamuzi huo ifuatane na hati ya mapatano hata kwa hakimu. Mali ya wakfu ni ya waliokwisha kufa walioitoa, na ya watakaozaliwa watakaoitumia. Wote wawili hawana ulimi barazani, na wanaosema kwa niaba yao ni waaminifu tu, si wenyewe.

Basi anayetaka sulhu iliyo imara na ashike mambo haya. Aseme ukweli wote, maana aliyeficha jambo muhimu ametia mchwa katika nguzo. Awaite wote wenye haki, na wasiokuwapo wawekewe msemaji aliyekubaliwa na mahakama. Aandike kwa maneno mepesi: kipimo cha ardhi, mipaka yake minne, kiasi cha fedha, tarehe ya kila malipo, na litakalofuata asiyelipa akichelewa. Aeleze gharama za kesi zitachukuliwa na nani, maana sulhu nyingi zimevunjika kwa gharama zilizosahauliwa. Asomewe kwa lugha yake. Atie sahihi mbele ya mashahidi. Kisha aipeleke hati mahakamani, asimame mbele ya hakimu, akiri kwa ulimi wake kwamba ameridhia, na asiondoke mjini pasipo kufuatia nakala ya hukumu yenye muhuri.

Na aliyeshindwa kupata yote aliyoyataka asihesabu kuwa ameshindwa. Kesi ndefu hula ng'ombe wa mshindi na wa mshindwa pia. Mwisho wake mmoja hupata shamba akakosa jirani. Aliyeacha sehemu ya haki yake kwa kujua, kwa hiari, mbele ya hakimu mwenye kuuliza, amenunua usalama wa watoto wake kwa bei anayoijua. Lakini aliyenyamazishwa ili wengine wapate amani hakupatanishwa, na amani yao haidumu. Tofauti ya hao wawili ndiyo hakimu aliyewekwa kuichungua, na ndiyo wazee, maimamu na viongozi wa jumuiya wanayopaswa kuipima kabla hata hakimu hajaiona.

Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa Arua na Koboko kupatana kwa uadilifu, awahifadhi mayatima na wajane wao, na awape mahakimu wao macho ya kuona na subira ya kuuliza. Wabillahi tawfiq.